Mkoba wangu wa kazi kwenye kishikwambi: uzoefu wa mwalimu wa baiolojia, Sikonge

Nafundisha baiolojia na kemia katika sekondari ya kata wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Tangu katikati ya mwaka 2023 kumbukumbu za kazi yangu nazihifadhi Google Drive, ghala la mafaili la mtandaoni, na kuzipanga kwenye ukurasa wa Google Sites, huduma ya kutengeneza tovuti. Natumia kishikwambi na simu tu, kompyuta yangu binafsi sina. Walimu wenzangu wananiuliza kila mara kama inafaa kuhangaika nayo. Kwangu mimi imefaa sana, ila si kwa sababu ile niliyoitarajia, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Mkusanyo wa namna hii chuoni tuliuita mkoba wa kazi, yaani portifolio. Wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kila mmoja wetu alitembea na faili la maandalio ya somo, zana alizochora na maoni ya msimamizi. Msimamizi akishasaini, basi, faili limemaliza kazi yake. Langu nililiweka juu ya kabati nyumbani. Miaka minne baadaye nililikuta mchwa wamelila kuanzia katikati, limebaki jalada. Sikuumia sana, maana hata mimi nilikuwa sijalifungua tena.

Januari 2023 nikaanza upya kwa simu. Kipindi kikiisha napiga picha ubao, napiga picha madaftari kadhaa, na mara mojamoja narekodi sauti. Vyote vikakaa kwenye simu. Mwezi wa tano simu ikagoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi mjini Tabora, akaiflashi bila kuniuliza, akanirudishia tupu kama imetoka dukani leo. Kwenye basi la kurudi Sikonge nilianza kuhesabu vipindi nilivyopoteza. Nilipofika cha ishirini nikaacha.

Hapo ndipo nilipohamia Drive. Shuleni tulikuwa tumeshapokea vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo kifaa kilikuwepo. Niliyojifunza haraka ni kwamba mtu hahitaji kuwa hewani muda wote. Faili ukiliwekea alama ya kupatikana nje ya mtandao, unalifungua hata bando limekata, unaandika, na mtandao ukirudi linajisasisha lenyewe. Daftari la mwanafunzi usilipige picha kwa kamera ya kawaida. Tumia kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya programu ya Drive yenyewe: karatasi inanyooka, kivuli cha mkono kinapungua, na kurasa zote zinakaa kwenye PDF moja. Mimi nasubiri usiku ndipo nipandishe, huku kwetu mtandao unakuwa mwepesi kidogo watu wakishalala.

Nafasi ya bure ni GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya Drive, barua pepe za Gmail na picha za Google Photos. Kwa maandishi na PDF ni nyingi mno, sijafika hata robo. Video ndiyo inayomaliza, na ndiyo maana sihifadhi video. Kwenye sauti ya kipindi cha dakika 40 nakata dakika mbili tatu zenye maana, nyingine nafuta.

Mpangilio wangu ni mwaka, kidato, mada. Ndani ya kila mada kuna andalio, picha ya ubao na madaftari matatu: la mwanafunzi aliyeelewa, la aliyeelewa nusu, na la aliyepotea kabisa. Halafu kuna ukurasa mmoja niliouita "Nilichokiona", nusu ukurasa ninaouandika siku ileile kabla sijalala. Huo ukurasa ndio mkoba wenyewe. Hayo mengine ni vielelezo vyake.

Niwaoneshe kipindi kimoja. Septemba 2023, kidato cha pili, somo ni osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Nimekata vipande viwili vya kiazi kitamu kibichi, kimoja nimekitumbukiza kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi, tangu jana yake. Cha chumvi kimenywea na kulegea, ukikishika kinapinda kama mpira. Cha maji matupu ni kigumu, kinakatika kwa mlio. Nauliza kwa Kiingereza, kama somo linavyotaka, kwa nini hiki kimelegea. Kimya. Najibu mwenyewe, nachora seli ubaoni, naendelea. Kipindi kikaisha vizuri tu, watoto wakanakili, mimi nikatoka nimeridhika.

Usiku nikaweka sauti masikioni. Baada ya swali langu, nyuma kabisa ya darasa, sauti ya binti inasema kwa Kiswahili, taratibu: "Kama michembe." Aliye karibu naye anacheka. Mimi tayari nimeshaanza kujibu.

Asiyetoka huku kwetu nimweleze: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, akiba ya miezi ya njaa. Ukitaka kupika, unaloweka, vinavimba. Yule binti alikuwa ameona maji yakitoka na kuingia kwenye kiazi maisha yake yote, jikoni kwa mama yake, na alinipa mfano ambao kitabu chetu hakina. Sikuusikia kwa sababu aliusema kwa lugha ya nyumbani, na kwa sababu sikumpa nafasi.

Nikaiangalia saa ya kinasa sauti. Kati ya kumaliza kuuliza na kuanza kujibu haikutimia sekunde moja. Nikarudia kwenye maswali mengine ya kipindi kile, hali ni hiyohiyo. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliligundua hilo miaka ya 1970: walimu husubiri kwa wastani kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na wanaojibu wanaongezeka, hata wale waliodhaniwa hawawezi. Huenda chuoni walitufundisha hilo nikalisahau. Kulisikia kwa sauti yangu mwenyewe ni jambo jingine.

Kipindi kilichofuata niliingia na michembe kwenye mfuko wa rambo. Nikamwomba yule binti aeleze alichokuwa anafikiri, kwa Kiswahili, halafu wote tukakihamishia kwenye Kiingereza. Ndipo mvulana mmoja akauliza swali ambalo kwa miaka saba ya ualimu sijawahi kuulizwa: "Madamu, mbona mchembe hata ukiulowesha siku nzima haurudi kuwa kiazi kibichi?" Na hapo ndipo osmosisi ilipofundishika kweli. Mchembe unanyonya maji kama mti mkavu unavyonyonya, lakini seli zake zilikufa juani. Utando ulioachia maji na kuzuia vingine haufanyi tena kazi, kwa hiyo hauwezi kujaa na kukakamaa kama kiazi kibichi kilichokaa kwenye maji. Tofauti kati ya seli hai na seli iliyokufa, ambayo mimi huwa naitaja kwa sentensi moja na kupita, ilichukua kipindi kizima na hakuna aliyesinzia.

Yote hayo yamo kwenye mkoba: sekunde zile za sauti, picha ya vipande viwili vya kiazi, ukurasa wangu. Mwaka 2024 nilipofika mada ileile nilifungua faili, nikaanza na michembe moja kwa moja. Bila mkoba nisingekumbuka. Najijua. Ningefundisha kama nilivyofundisha siku zote na kutoka nimeridhika vilevile.

Mwalimu Nyerere alifundisha baiolojia na Kiingereza hapahapa Tabora, katika shule ya St. Mary's, kabla hajaingia kwenye siasa kwa ukamilifu. Ningetoa kitu kikubwa kusoma andalio lake moja tu la somo, nione aliwaelezaje vijana wa miaka ya 1940 habari za seli.

Wengi huuliza kuhusu wakaguzi, yaani wadhibiti ubora. Mdhibiti mmoja alipofika shuleni alikagua azimio la kazi, maandalio na shajara kama kawaida, nikamwomba aangalie na kishikwambi. Alikaa kwenye yale madaftari matatu muda mrefu kuliko kwenye karatasi zangu zote, akaniuliza yule wa tatu nilimfanyia nini. Lilikuwa swali zuri, na jibu nilikuwa nalo, limeandikwa na tarehe. Kwenye PEPMIS pia, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, kujaza utekelezaji wangu kumekuwa rahisi kwa sababu sikumbuki kwa kichwa, nasoma. Daraja sijapanda kwa ajili ya mkoba. Anayeuanza kwa lengo hilo peke yake nahofia atauacha mapema.

Marekani kuna bodi ya taifa ya viwango vya ualimu iliyoanzishwa mwaka 1987, na mwalimu anayetaka cheti chake hutuma video za darasa lake na kazi za wanafunzi wake, pamoja na maelezo aliyoandika mwenyewe ya kwa nini alifanya alivyofanya. Hayo maelezo ya "kwa nini" ndiyo niliyoiga. Picha nzuri za zana zilizopambwa kwa rangi hazimfundishi mtu kitu. Nimeona mikoba ya walimu wenzangu, mtandaoni na kwenye karatasi, iliyojaa vyeti vya semina na picha za pamoja mbele ya ukumbi. Inapendeza, ila ukiimaliza hujui bado huyo mtu anafundishaje.

Kabla ya Drive nilijaribu programu moja ya portifolio ya kulipia. Sura yake ilikuwa nzuri kweli. Miezi ya majaribio ilipokwisha ikafunga kurasa zangu hadi nilipe kwa kadi, na njia ya kuzitoa humo sikuiona. Ndiyo maana leo, kabla ya kuweka neno moja kwenye programu yoyote, nauliza kwanza nitatokaje. Google wana huduma inayoitwa Takeout, inakupa kila kitu chako kwenye faili la kupakua. Mimi napakua kila mwisho wa muhula na kunakili kwenye flashi inayokaa kwenye sanduku la vyeti vyangu. Baada ya yule fundi, sehemu moja hainitoshi.

Suala la picha za watoto naliwekea mkazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zina uzito wake. Lakini hata sheria isingekuwepo, mzazi hakunikabidhi mwanawe nikamtangaze. Kwenye mkoba wangu hakuna uso hata mmoja. Napiga mikono, vipande vya kiazi, madaftari yaliyofunikwa jina. Sauti hazitoki kwenye Drive yangu, na ukurasa wa Sites nimeuwekea ruhusa: anaufungua niliyempa mimi tu.

Niseme kidogo kuhusu Kolibri, kwa kuwa nayo naulizwa. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Unapakua masomo mara moja, unayaweka kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa waifai ya hapohapo bila bando. Sisi tuliiweka kwenye laptopu ya mwalimu mwenzangu. Humo nimetumia zaidi PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo mwanafunzi anasogeza vitu mwenyewe na kuona kinachotokea. Masomo mengi ya Kolibri hayakupangwa kwa mtaala wetu, kwa hiyo mwalimu akae achague kipande kwa kipande. Kwa shule yenye vifaa vitano au sita na watoto wengi, mimi naonesha kwa projekta kwanza, kisha vikundi vinapokezana. Inasaidia. Michembe ilisaidia zaidi.

Muda? Nina vipindi 24 kwa wiki na sithubutu kuviandika vyote. Nachagua kimoja, na mara nyingi kile kilichonishinda. Dakika 20 usiku, nusu saa ikizidi. Nilipojaribu kuandika kila siku nilichoka ndani ya wiki tatu na nikaanza kuandika uongo, yaani kunakili andalio na kusema lengo limefikiwa. Huo ni mzigo usio na faida kwa yeyote. Mwenye simu janja ya kawaida anaweza kuanza leo na kipindi kimoja na madaftari matatu, ukurasa wa Sites utakuja baadaye. Mwaka jana tuliufungua ukurasa wa osmosisi kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule, yaani kikao cha walimu cha kujifunza pamoja, wenzangu wakasikiliza ile sauti, na mwalimu wa fizikia akaomba kinasa sauti wiki ileile.

Yule binti wa nyuma alifika kidato cha nne mwaka 2025. Tukiwa kwenye marudio kabla ya mtihani nilimwita ofisini, nikampa zile spika za masikioni na kumwekea zile sekunde chache. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akanitazama. "Madamu, huyo ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba nirudie.