Siku nne hemani Fairford na Bibi wa Mwanza: ndege ndiyo, kambi hapana

Nianze na choo, maana najua ndicho mtakachoniuliza kwanza. Kambi tuliyolala ilikuwa na vyoo vile vya plastiki vinavyoletwa na lori, sita kwa shamba zima. Alhamisi jioni vilikuwa vinanukia dawa, safi kabisa. Ijumaa asubuhi karatasi zimekwisha. Jumamosi mama yangu mzazi, mwanamke aliyetulea sisi saba kwa choo cha shimo bila kunung'unika, alifungua mlango, akaurudisha taratibu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nitangoja."

Haya, sasa nieleze tulikuwa tunafanya nini huko.

Kila Julai, katika kituo cha jeshi la anga cha RAF Fairford, mkoa wa Gloucestershire hapa Uingereza, kunakuwa na maonyesho ya ndege za kijeshi yanayoitwa Royal International Air Tattoo. Wenyewe wanakata wanaita RIAT. Ni siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, na majeshi ya nchi nyingi huleta ndege zao: nyingine zinaruka, nyingine zimeegeshwa uzikague kwa macho. Mwaka 2003 zilikusanyika ndege 535, ikawa rekodi ya dunia. Takwimu hiyo nimeipata kwa mume wangu, ambaye huitamka kana kwamba alizihesabu yeye. Kakulia Ukonga, Dar es Salaam, jirani na Airwing, kambi ya ndege za jeshi, na akisikia mngurumo angani hata kama tuko msibani lazima anyanyue kichwa. Miaka sita alikuwa akiniomba twende. Miaka sita nilimjibu kwamba ndege nitaipanda nikienda nyumbani, kuitazama tu sina hamu.

Mwaka huu nilishindwa hoja. Mama alikuwa amekuja kututembelea Coventry tangu Juni, shule zinakaribia kufunga, na kijana wetu wa miaka 11 tayari alikuwa upande wa baba yake. Toka kwetu mpaka Fairford kwa gari ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo tungeweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mume wangu akasema hapana, utamu uko kwenye kulala pale, kwa sababu ndege zinaanza kuingia siku mbili tatu kabla, na kuondoka ni Jumatatu. Tukaazima hema la watu sita. Tukawa watano: sisi wawili, kijana, binti yetu wa miaka 6, na Mama, ambaye kwa wanangu ni Bibi.

Kambi hiyo siitaji. Ni shamba la mkulima mmoja kati ya wengi wanaokodisha viwanja vyao wiki ile. Kwenye picha nyasi zilikuwa fupi na kiwanja kimelala sawa. Sisi tuliochelewa kulipia tulipewa pembe ya chini, penye mteremko, na usiku wa kwanza wote tuliporomoka taratibu mpaka tukakutana miguuni pa hema kama viazi kwenye gunia. Tangazo lilisema dakika 10 kwa miguu hadi getini. Labda kwa mwanajeshi. Sisi na Bibi ilikuwa dakika 35, na sehemu ya njia ni pembeni mwa barabara ya magari. Mabafu yalikuwa mawili, moja la maji ya moto na moja la kujitesa. Jirani wa kulia alikuwa na jenereta ya kuchemshia birika, aliyoiwasha saa kumi na moja alfajiri siku zote nne.

Na baridi! Julai isiwadanganye. Mchana unavua sweta, usiku unatamani kuvaa godoro. Bibi alilala na kanga mbili, kitenge, koti la mkwewe na soksi zangu mbili mbili, na bado alikuwa akinong'ona rozari kwa meno yanayogongana. Kosa letu lilikuwa hili: blanketi zote tuliziweka juu. Godoro la upepo linapitisha baridi ya ardhi moja kwa moja hadi mgongoni, kwa hiyo kinachotakiwa ni kutandika chini yako, blanketi nzito au hata mkeka, kabla ya kufikiria cha kujifunika. Usiku wa pili tulifanya hivyo, Bibi akalala mpaka jenereta ilipomwamsha.

Chakula tulibeba chetu, na hilo nawashauri kwa nguvu zote. Ndani ya maonyesho kuna vibanda vingi, lakini bei zake ni za kukufanya uhesabu watoto upya. Tulikuwa na jiko la gesi la plate mbili, unga, mchele, chapati nilizopika nyumbani, na mfuko wa dagaa ambao Bibi alikuwa ameuficha kwenye begi lake toka Kirumba. Ijumaa jioni akawakaanga kwa nyanya na pilipili. Mimi nikawa natazama huku na huku kwa aibu, harufu imesambaa shamba zima. Kweli, akaja mzee mmoja Mwingereza kutoka mahema ya jirani. Kumbe hakuja kulalamika. Aliuliza kwa heshima ni samaki gani. Bibi akamwambia "Karibu, baba," kwa Kiswahili, akamvutia kiti, akamwekea ugali. Yule mzee alikula dagaa na vichwa vyake, akamaliza, akalamba vidole.

Huyo mzee ndiye aliyeokoa wikendi ya kijana wangu. Ni katika wale watu ambao bila kwenda Fairford huwezi kujua kwamba wapo: wanabeba ngazi ya kupakia rangi ili waone juu ya ua, kamera yenye lenzi kama bomba la maji, redio ndogo ya kusikiliza marubani wakizungumza na mnara, na daftari la kuandika namba iliyo mkiani mwa kila ndege. Mzee alimwazima mtoto redio na kumpandisha ngazini. Kuanzia hapo hatukumwona tena ila wakati wa kula.

Mume wangu naye, baada ya dagaa, akaona ni wakati mzuri wa historia. Kwamba Concorde ilifanyiwa majaribio hapa hapa. Kwamba njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 3 na ushee, ndiyo maana Wamarekani waliiweka kwenye orodha ya mahali pa dharura pa kutua chombo chao cha anga za juu. Hapo sawa. Halafu akaongeza kwamba mwaka 1993 MiG-29 mbili za Urusi ziligongana angani katikati ya maonyesho haya, marubani wote wawili wakachomoka na viti vyao, wakashuka na miavuli salama. Binti yangu wa miaka 6 alisikia "ziligongana" tu. Hakulala. Kesho yake kila ndege iliyopita aliuliza, "Dereva wake ana mwavuli?" Baba yake ajibu moja moja, na zilikuwa nyingi.

Ijumaa asubuhi, kabla ya dagaa na hayo yote, nilimtembeza Bibi mjini kutafuta maziwa. Fairford ni kamji kadogo ka nyumba za mawe ya rangi ya asali, na kanisa lake, St Mary's, lina madirisha 28 ya vioo vya rangi ya tangu miaka ya 1500, seti nzima, hakuna lililopotea. Bibi ni Mkatoliki wa Bugando. Alisimama mbele ya dirisha kubwa la magharibi, lile la Hukumu ya Mwisho, akiwakagua mashetani mmoja mmoja wakibeba watu. "Huyu amembeba kwenye toroli," akasema. Tulikaa humo karibu saa nzima huku ndege za kivita zikinguruma juu ya paa. Mwenye mgeni asiyejali ndege ampeleke pale.

Maonyesho yenyewe tuliingia Jumamosi tu. Tiketi hununuliwa mapema mtandaoni, usiende ukitegemea kulipa getini. Ukaguzi wa mabegi ulikuwa wa haraka na wa adabu. Ndani ni kutembea, kutembea, kutembea: safu za ndege zilizoegeshwa zinafuatana hadi miguu inaomba talaka. Lakini watoto waliingia kwenye tumbo la ndege ya mizigo ambamo basi letu la shule lingeegeshwa likabaki na nafasi, na marubani wa nchi mbalimbali wamesimama pembeni mwa ndege zao wakiuza nembo za kushonea na kujibu maswali. Binti yangu aliuliza swali lake la mwavuli kwa rubani halisi. Yule kijana akachuchumaa, akamwonyesha kiti chake kinavyofanya kazi. Usiku huo mtoto alilala. Nyota tano kwa huyo rubani, nchi yoyote atokayo.

Sasa Typhoon. Hiyo ni ndege ya kivita wanayotumia Waingereza, ya injini mbili. Mimi nilidhani nimeshazoea kelele. Sikuwa nimezoea chochote. Unaiona kwanza imeshakupita, kimya, halafu sauti inafuata nyuma na kukuingia kifuani, si masikioni. Watoto walikuwa wamevaa vizuia kelele (vinunueni kabla hamjatoka nyumbani). Bibi vyake alikuwa ameviteremsha shingoni ili amsikie mjukuu. Ndege ikainua pua, ikawasha moto wa nyuma, ikapanda wima. Niligeuka nimtazame, hayupo kwenye kiti. Alikuwa chini kwenye nyasi, amemlalia binti yangu, kanga imewafunika wote wawili.

Watu waliokuwa karibu walidhani ameanguka. Tukamwinua, akakaa, akajipangusa nyasi. Akanywa chai. Kisha akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini kachelewa sokoni, "Ile ya Saanane sikuiona. Niliisikia tu."

Hadithi hiyo sikuwahi kuambiwa. Machi 1979, wakati wa vita na Amin, Gaddafi alituma ndege ya kudondosha mabomu, Tu-22, ipige Mwanza. Mama alikuwa na miaka 17, anaosha vyombo nje. Kishindo kikatoka upande wa ziwani, mabati yakalia, akambeba mdogo wake akamlalia. Mabomu yalikosa shabaha, yakaangukia Kisiwa cha Saanane, palipokuwa na wanyama, yakaua swala. "Katoka Libya kote huko," akasema Mama, "kaja mpaka Mwanza kuua swala." Akacheka mwenyewe. Kijana wangu, ambaye redio ya mzee ilikuwa bado sikioni, akaivua. "Bibi, usiku huo ulilala wapi?" "Chini ya mgomba, na nyanya yako mkubwa, na kuku."

Halafu akamgeukia mkwewe. "Na hii inabeba nini?" Mume wangu, ambaye spika ilikuwa ikimsaidia siku nzima kwa maneno ya umahiri na uzuri, alijikuna kichwa. Akamtajia: makombora ya kupiga ndege nyingine, mabomu ya kuongozwa. Bibi akaitikia, "Ee," akavaa vizuia kelele vyake sawasawa, akaendelea kutazama. Alitazama mpaka mwisho. Ndege nyekundu za Red Arrows zilipochora moshi wa rangi tatu alipiga makofi kuliko wote. Lakini mwenye mzazi aliyeonja vita, iwe Kagera, Goma au Bujumbura, amweleze mapema kitakachopita juu ya kichwa chake. Mimi sikufikiri, na hilo ni langu, si la waandaaji.

Jumapili tulikaa kambini, na hapa ndipo penye faida yenu: kutoka shambani tuliona karibu yote yaliyorushwa, juu ya ua, kwenye viti vyetu, wali unapikwa. Kwa hiyo kata tiketi ya siku moja tu, tembea uchoke, siku nyingine tazama toka nje. Jumatatu ni bora zaidi. Ndege zinaondoka moja moja kurudi kwao, na baadhi ya marubani wanatikisa mabawa kuaga. Bibi alisimama kwenye mteremko wetu na kanga mkononi akiwapungia kila mmoja, wa Typhoon na wa mizigo bila kubagua, hata hema likachelewa kukunjwa.

Maonyesho nayapa nyota tano. Kambi nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya maji ya moto. Amana ya ufunguo wa bafu bado hatujarudishiwa. Mume wangu ameshaanza kutafuta shamba jingine la mwakani, na Bibi, aliyerudi Mwanza na nembo tatu za kushonea kwenye begi, kasema kwenye simu kwamba atakuja tena. Sharti lake ni moja, na mnalijua.