Kozi ya kanzidata na ramani: mkufunzi wa siku ya kwanza amenikera mno

Nimemaliza hivi karibuni kozi fupi ya misingi ya kanzidata na data za kijiografia hapa Dar, na hasira bado ninazo. Chumba kizuri, chai ya kutosha, intaneti haikusumbua. Hapo sina neno. Neno langu ni kwa mkufunzi wa siku ya kwanza.

Mfano wake ulikuwa visima vya maji. Jedwali moja refu, kila kisima mstari wake: kijiji, jina la fundi, simu ya fundi, kisha matengenezo_1, matengenezo_2, matengenezo_3. Mama mmoja, mtu wa maji kutoka wilayani, akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kisima kikiharibika mara ya nne tunaandika wapi? Na fundi akibadilisha namba?"

"Mama, wewe fuata slaidi. Hayo ni ya wataalamu."

Ya wataalamu! Swali hilo ndilo somo lenyewe, ndilo Edgar Codd, aliyebuni kanzidata za majedwali yanayohusiana, alilolishughulikia tangu 1970. Matengenezo yanapewa jedwali lake, kila tukio mstari wake, hata yafike ishirini. Mafundi nao jedwali lao, simu iandikwe mahali pamoja tu, ukiibadilisha umemaliza. Matengenezo yanaunganishwa na kisima kwa namba ya kisima, na fundi kwa namba yake ya utambulisho, si kwa jina, maana kisima kimoja wanakijiji wanaweza kukiita majina matatu. Dakika kumi zingetosha kabisa. Mama wa watu hakuuliza tena hadi jioni, na ndiye aliyekuwa na kazi halisi inayomsubiri kuliko sisi wote.

Nikisema kozi nzima ni mbovu, nitakuwa namwonea kijana aliyeshika sehemu ya ramani. Pointi zetu za Dar zilipoangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, hakumfokea mtu. Alitusogelea, akatuonyesha kwenye amri: PostGIS, programu inayoiwezesha kanzidata kushika data za ramani, inataka longitudo kwanza, yaani ST_MakePoint(39.28, -6.8), na faili tulilopewa lilitanguliza latitudo. Akaunganisha na ramani za zamani za Tanzania zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali: ukiiambia kompyuta ni WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu kinahama karibu mita 300, kisima cha shule kinaingia shambani kwa mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hugombana na ramani. Yule mama akarudi kuuliza, akajibiwa moja baada ya jingine.

Kwa ajili yake nilishaweka nyota nne. Nimezifuta. Ada tumelipa sawa, na anayeambiwa siku ya kwanza kwamba swali lake si la kiwango chake anaweza asifike hizo siku za ramani. Nyota mbili, na zote za kijana. Chuo kikimpa yeye siku ya kwanza, nitazirudisha nne mwenyewe, na nitawaambia wenzangu wa ofisini wakalipie.