Alfama, Lisbon: kabla hujalipia nyumba, uliza ufunguo unautoa vipi

Sina ugomvi na nyumba. Ugomvi wangu ni kile kisanduku cha ufunguo, kinachofunguliwa kwa namba za siri, na mwenye nyumba aliyenijibu kwenye simu: "Wageni wote wanafungua, wewe unashindwa nini?" Saa tano usiku, mvua inanyesha, begi la kilo 23 liko kwenye ngazi, mtu anakujibu hivyo!

Kisanduku kilifungwa kwenye nondo za dirisha, usawa wa magoti, gizani. Namba zilikuwa sahihi, kifuniko ndicho kilichogoma, kwa sababu ufunguo uliwekwa mshazari ukakibana kwa ndani. Likikupata hili, usivute kwa nguvu. Kandamiza kifuniko kwa dole gumba kama vile unakifunga, panga namba upya bila kukiachia, kisha telezesha kishikizo taratibu. Maelezo ya nusu dakika! Nimeyagundua mwenyewe, vidole vimekufa ganzi. Yeye alikuwa na jeuri tu.

Na Alfama si mahali pa kumtupa mgeni hivyo. Mtaa huu ulinusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la 1755, ndiyo maana vichochoro vimebaki vya zamani. Teksi inakushusha kwenye vizuizi vya barabarani, huko kwingine ni ngazi na miguu yako. Mawe ya kalsada, yale yaliyotandazwa njiani, yakilowa yanateleza vibaya. Soma na anwani: Wareno hawaihesabu ghorofa ya chini, wanaiandika R/C, kwa hiyo "3.º Esq." ni mlango wa kushoto baada ya kupanda ghorofa tatu nzima, na lifti kwenye majengo haya ni nadra.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Asubuhi nikafungua dirisha: mto Tejo wote mbele yangu, paa nyekundu zinashuka hadi majini, bibi wa jirani anaanika shuka kwenye kamba. Nikapandisha hadi nne. Kisha nikaikumbuka ile sauti, nikashusha hadi mbili. Bado sijui.

Mwenye begi zito, au aliyefuatana na mzazi mwenye magoti mabovu, alale Baixa, mtaa wa chini wa katikati ya mji, uliojengwa upya baada ya tetemeko kwa mitaa iliyonyooka na tambarare. Kupanda kuelekea kasri la São Jorge, lililo kilimani, kuna lifti ya bure Rua dos Fanqueiros, na ukivuka kidogo, nyingine Chão do Loureiro. Tramu namba 28 na mizigo usithubutu, inajaa hadi mlangoni na wezi wa mfukoni wanaijua. Usiku wa kuamkia 13 Juni, sikukuu ya Santo António, Alfama hailali kabisa.

Nyumba halali ya kupangisha wageni ina kibao cha "AL" mlangoni, na inapaswa kuwa na kitabu cha malalamiko, Livro de Reclamações. Siku hizi unakijaza hata mtandaoni. Langu nimeshaliandika.