Godot 4 kwa modeli ya Mji Mkongwe: inaondoaje nyuso zilizofichika?

Kwa mwanafunzi wa Unguja anayejenga Mji Mkongwe kwa 3D, Godot 4, injini ya kutengenezea michezo na mandhari za 3D, tunaipendekeza bila wasiwasi. Ni ya bure, leseni yake ni MIT, isiyo na masharti mengi, na faili lake halimalizi bando. Kinachoamua kama mradi utakwenda kwenye laptopu ya kawaida ni uondoaji wa nyuso zilizofichika, na sehemu ya kazi hiyo injini imekuachia wewe.

Kuna mambo inayoyafanya yenyewe, tena vizuri. Nyuso zilizoipa kamera mgongo haichori, vilivyo nje ya upeo wa kamera inaviruka, na kila pikseli inapimwa kwa bafa ya kina (kumbukumbu ya umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera), mbinu aliyoieleza Edwin Catmull mwaka 1974: kilicho karibu zaidi ndicho kinachobaki. Ukuta ukionekana una tundu, aghalabu pembetatu zinazouunda zimegeuka nyuma mbele. Zirekebishe ndani ya Blender, programu ya kuchongea maumbo ya 3D. Ukizima tu uondoaji wa nyuso za nyuma, kadi ya grafiki itachora pande zote mbili za kila ukuta, bure.

Shida inaanzia vichochoroni. Ukiiweka kamera Hurumzi, kuta zimeziba huku na huku, lakini nyuma yake kuna nyumba chungu nzima ambazo bado zimo ndani ya upeo. Bafa ya kina itazitupa, ila baada ya kadi kuzipokea na kuzichakata. Dawa yake ni okluda, yaani umbo sahili lisiloonekana linalowakilisha ukuta unaoziba. Washa Use Occlusion Culling kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya Rendering, ongeza nodi ya OccluderInstance3D, kisha bonyeza Bake Occluders. Tangu hapo prosesa inachora picha ndogo ya kuta hizo kabla ya kila fremu, na kitu kilichofichika chote hakipelekwi kwenye kadi.

Neno la kushika hapo ni "chote". Godot inapima kisanduku kinachokizunguka kitu kizima. Mtaa ukiunganishwa kuwa meshi (umbo la pembetatu) moja, pembe ya paa moja ikichungulia mtaa wote unachorwa. Tenga nyumba kwa nyumba, wala usizidishe: misumari ya shaba ibaki kwenye meshi ya mlango wake.

Okluda ya kubonyeza kitufe inarahisishwa kwa mita 0.1. Ukiongeza sana kipimo hicho, umbo linaweza kutokeza nje ya ukuta, na nyumba ya kona ikapotea huku ilipaswa kuonekana. Kwa kuta nene za mawe kama zetu, tunaona afadhali masanduku ya BoxOccluder3D yaliyowekwa kwa mkono, yakiingia ndani ya ukuta sentimita 10 kila upande. Milango inayofunguka iache nje, maana okluda inayosogea inailazimu prosesa kujenga upya hesabu zake.

Nakshi za roshani zinataka uangalifu wake. Zikiwa ni picha zenye matundu, ukitumia uwazi wa kawaida, Godot inapanga vitu vizima kwa umbali, cha nyuma kwanza, na roshani mbili zilizokaribiana zitapishana vibaya. Tumia Alpha Scissor, uwazi ambao pikseli ama inaonekana ama inakatwa, ili kila pikseli inayoonekana iandikwe kwenye bafa ya kina. Ukibonyeza Bake Occluders, nakshi zenye uwazi wa aina hiyo Godot inaziacha nje ya okluda yenyewe, kwa hiyo chumba kinachoonekana kupitia matundu hakifichwi.

Kumetameta kwa nyuso zilizobanana kumepungua sana tangu toleo la 4.3 lilipogeuza mpangilio wa bafa ya kina. Hata hivyo kibao cha jina la mtaa kilicholala sawasawa na ukuta bado kitametameta. Kitoe nje sentimita 1.

Forodhani, penye uwanja wazi, okluda hazikupi faida ya maana, na prosesa inalipa gharama ileile. Kwenye kivinjari, kwa violezo vya kawaida vya Godot, hazifanyi kazi. Mradi wa aina hiyo upangie Visibility Range mapema, nyumba za mbali zichukue meshi nyepesi.