Breki shuu za nyuma kwa gari kuukuu: kipi ununue Mombasa, kipi uache kauntani

Siku za bamvua, maji yakipwa sana, mteremko wa kuingilia feri pale Likoni huwa mrefu. Foleni ikisimama katikati yake ndipo gari kuukuu husema ukweli. Langu, Corolla 110 yenye dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ambalo breki shuu, yaani viatu, hulisugua kutoka ndani), lilisema wake mwaka juzi. Nilivuta hendibreki hadi mwisho, nikatoa mguu kwenye pedali, na gari likaanza kujongea polepole kuelekea bampa ya Probox iliyokuwa mbele. Jamaa wa feri akapuliza firimbi kama refa. Na breki shuu zilikuwa na wiki tatu tu, mpya kabisa, zimetoka kwenye boksi.

Fundi wangu wa Magongo, mzee asiye na maneno mengi, alifungua dramu, akaomba chaki kwa mtoto aliyekuwa akitoka shule, akaipaka ndani ya dramu mzunguko mzima. Kisha akakiweka kiatu ndani na kukisugua huku na huku. Alipokitoa, chaki ilikuwa imeshika ukanda mmoja tu katikati, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Kwingine laining, ule utando wa msuguano juu ya kiatu, haikugusa kitu.

"Sasa hii, mwanangu, itashika na nini?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo boksi la breki nalifungua mbele ya muuzaji, na dramu yangu iko kwapani.

Lakini kabla ya duka, fungua gurudumu. Wengi wetu tunasikia kelele nyuma, tunakimbilia Mwembe Tayari kununua viatu, kumbe ugonjwa uko pengine. Pedali ikizama ukikanyaga mara ya kwanza, halafu ikapanda ukikanyaga ya pili, mara nyingi viatu viko mbali na dramu kwa sababu adjusta, kile kiskurubu cha kuvisogeza karibu na dramu, imekwama kwa kutu. Hapo hununui kitu. Unasafisha adjusta, unaitia grisi kidogo ya breki, unaizungusha. Pedali inayoshuka taratibu huku umeikanyagia ni habari nyingine: ama mafuta yanavuja mahali, ama masta silinda, pampu kuu ya breki, imechoka. Sauti ya chuma kusaga chuma haihitaji mganga. Gurudumu moja likishika kwa ghafla kuliko mwenzake, tarajia kukuta laining imelowa.

Ikiwa imelowa, nusa. Kweli, nusa. Mafuta ya breki ni mepesi, na yakidondokea rangi ya gari huichubua. Hayo yametoka kwenye wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma viatu. Mafuta ya difu, gia za ekseli ya nyuma, ni mazito na yana harufu kali kama ya kiberiti. Kwenye HiAce na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hayo hupita kwenye sili ya ekseli. Ukinunua viatu bila kubadilisha sili, umenunua sponji ya kunyonyea mafuta. Na laining iliyokwisha kunywa mafuta usidanganywe kwamba itaoshwa kwa petroli ikauke juani. Itupe.

Tazama pia dramu yenyewe. Nyingi zimeandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Dramu ya milimita 200, kwa mfano, mara nyingi kikomo chake ni 201. Fundi wa kerezo anaweza kuisawazisha mikwaruzo, ila akipita kikomo hicho umebaki na sufuria. Laining yenyewe, kwa magari madogo ya Toyota, ikikaribia milimita 1 imekwisha. Mimi singoji ifike hapo.

Sasa tuingie dukani. Bei sitaandika, maana hupanda na kushuka pamoja na dola, na sura ya mnunuzi nayo ina mchango wake.

Nafasi ya kwanza nazipa mpya za kampuni za Japani zinazotengeneza breki, kama Akebono, Nisshinbo au MK Kashiyama. Haziandikwi jina la kampuni ya gari, lakini ndizo kampuni zinazojua kazi hii. Shida ni kwamba boksi zuri huigwa. Kwa hiyo boksi liache, shika kiatu. Chuma kiwe kimenyooka, rangi isibanduke kwa ukucha, matundu ya springi yasiwe na makapi ya chuma. Ubavuni mwa laining angalia herufi mbili zikiwa pamoja, kama FF au EF. Ya kwanza inaeleza msuguano breki ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Herufi hizo hazikwambii laining itadumu miaka mingapi, lakini viatu vya gurudumu la kulia vikiwa na herufi tofauti na vya la kushoto, havifai kuingia garini.

Halafu fanya alichofanya mzee wa Magongo, hata bila chaki. Weka kiatu ndani ya dramu yako. Ncha zikiachana na dramu kwa unene wa karatasi, si neno. Ukiweza kupitisha kadi nzima ya simu, ile kubwa kabla hujaibandua laini, au kiatu kikicheza kama kiti cha bembea, mrudishie bwana mali yake. Isipokuwa dramu yako ndiyo iliyolika kupita kikomo; hapo kosa si la muuzaji.

Nafasi ya pili itawashangaza wengine: kubandika laining mpya kwenye vyuma vyako vya zamani. Watu wa matatu na malori wanaijua kazi hii siku nyingi. Faida yake ni kwamba chuma kilichotoka na gari kiwandani kinakaa mahali pake. Matundu, mkunjo, pini ya hendibreki, vyote ni sawasawa. Kwa gari la modeli ambayo viatu vyake ni vya kutafuta kwa tochi, hii ndiyo njia. Ila sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Kutu huingia chini ya laining na kuiinua kidogo kidogo, hadi siku moja inabanduka nzima ndani ya dramu na gurudumu linakwama. Kwa hiyo simama hapo hapo fundi akipiga chuma msasa au mchanga hadi king'ae. Akitaka kubandika gundi juu ya rangi ya zamani, chukua vyuma vyako uondoke. Laining zilizopigiliwa ribiti badala ya gundi hazibanduki kirahisi, lakini huzimalizi zote, kwani laining ikifikia vichwa vya ribiti, dramu inaanza kuchorwa.

Ya tatu ni za ajenti, zenye jina la kampuni ya gari. Ubora hauna mjadala. Sababu ya kuziweka hapa ni kwamba kwa gari la miaka ishirini na kitu mara nyingi huambiwa ziagizwe, usubiri, na zikifika utajiuliza kama ulinunua breki au injini. Mwenye uwezo na subira azipandishe hadi ya kwanza.

Ya nne, za eks-Japani, zilizong'olewa kwenye magari yaliyokatwa. Hapa nina msimamo: nunua dramu, usinunue viatu. Dramu ya mtumba ya Kijapani ambayo bado iko ndani ya kipimo naipenda kuliko dramu mpya nyepesi isiyo na jina. Lakini viatu vya mtumba vimeshazoea dramu ya watu wengine, na hujui vimelala muda gani kwenye unyevu. Springi na adjusta za eks-Japani zinafaa, zikiwa hazijalegea wala kuliwa na kutu.

Ya mwisho ni zile za mfuko wa nailoni au boksi lenye jina ambalo hata muuzaji hulisoma kwa kusitasita. Ndizo zilizonipeleka mteremkoni. Muuzaji aliniapia, "Kaka, hizi ndizo matatu zote zinatumia." Siku hizi nikisikia hivyo namuuliza, matatu namba ngapi, nimpigie dereva.

Chochote utakachochagua, nunua kwa magurudumu yote mawili. Na ukiona dalili ya mafuta ukifunua raba ya wili silinda, badilisha zote mbili. Kulipa fundi mara mbili kwa kazi moja kunauma kuliko silinda yenyewe. Mafuta ya breki chukua yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha chupa ya breki iliyo garini kinavyosema, kopo dogo lenye sili. Yananyonya unyevu hewani, na hewa yetu unaijua. Lile kopo lililobaki nusu kwenye rafu ya gereji tangu masika mwambie fundi asante, lakini alirudishe rafuni. Oili ya injini humo haiingii kamwe, huvimbisha raba zote.

Kuhusu kufunga, machache. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, achia hendibreki kabla ya kutoa dramu. Ikiwa imegoma, Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja baada ya nyingine, itajitoa yenyewe bila nyundo. Vumbi usilipulize kwa kompresa; viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hivyo lilowanishe ulifute kwa kitambaa. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, wa pili ubaki kuwa picha yako. Na vile viatu vya zamani usimpe mtu wa vyuma chakavu mapema: mkono wa hendibreki umefungwa kwenye kimojawapo kwa klipu ndogo, na vipya mara nyingi huja bila mkono huo. Nimewahi kumkimbilia mtu wa mkokoteni hadi karibu na Changamwe.

Ukimaliza, kaza adjusta hadi dramu izunguke kwa mkono huku ikisuguasugua kidogo tu. Hapo ndipo ushughulikie waya wa hendibreki, si kabla. Wengi hukaza waya kuficha viatu vilivyo mbali. Lever ikipanda zaidi ya meno 8 au 9, rudi kwenye adjusta. Kisha tafuta barabara tulivu, piga breki za kawaida kama mara kumi kutoka kilomita 50 kwa saa, ukiacha nafasi zipoe kati ya moja na nyingine, viatu vizoeane na dramu. Feri ya kwanza baada ya hapo, panda maji yakiwa yamejaa, na gari liwe kwenye gia hata kama hendibreki imeshika.