TAHADHARI: Anauza ramani moja ya injini kwa pikipiki zote za supachaja

Wenzangu mliofunga supachaja (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kwenye pikipiki, someni kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni kuwa bingwa wa kutuni, yaani kurekebisha injini itoe nguvu zaidi. Ukilipa anakutumia puli ndogo ya supachaja na faili la ramani, yaani maagizo kwa kompyuta ya injini kuhusu kiasi cha petroli na taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), uliingize mwenyewe. Nilimlipa. Sasa nina pistoni iliyotoboka.

Hakuniuliza chochote, na hapo ndipo ningeshtuka. Ukubwa wa injekta (zinazopuliza petroli kwenye injini), okteni ya petroli (uwezo wake wa kutolipuka yenyewe), kompresheni ya injini (jinsi inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli), hakuna alichotaka kujua. Kawasaki walipotoa Ninja H2 mwaka 2015, injini iliyozaliwa na supachaja, kompresheni waliiweka 8.5 kwa 1. Injini yangu ni ya cc 1000 ya kawaida, kompresheni karibu 13 kwa 1, supachaja nimeiongezea baadaye. Puli ndogo inaizungusha supachaja kwa kasi zaidi, hewa inaingia nyingi na ya moto, na injini kama hii haina nafasi ya kukosea.

Siku za mwanzo ilivuta vizuri mno. Kisha kila nikivuta mafuta hadi mwisho nikawa nasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo. Nikamwandikia, akajibu kwamba injini inazoea nguvu mpya. Jamani, huo mlio si nguvu! Ni mchanganyiko unaolipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kila mlipuko unapiga pistoni kama nyundo. Ukiusikia, achia mafuta hapo hapo.

Fundi alipofungua alikuta plagi nyeupe yenye chembe za alumini. Injini ya supachaja ikivutwa hadi mwisho huhitaji hewa kama 11.5 hadi 12.5 kwa petroli 1, kwa uzito. Yangu ilikuwa inakosa petroli, na sababu tuliipata tulipolinganisha faili langu na la mteja wake mwingine: yanafanana hadi tarakimu ya mwisho. Yule mwenzangu ana injekta kubwa kuliko zangu. Injekta kubwa hufunguka kwa muda mfupi kutoa petroli ile ile, kwa hiyo muda huo huo kwenye injekta zangu ulitoa petroli pungufu. Hata grafu ya daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) aliyotutumia ni picha moja, ina mstari wa nguvu tu, mstari wa hewa na petroli haumo.

Nilipomdai alisema nilijaza petroli mbaya, kisha akanifungia mawasiliano.

Anayetuni kwa haki atataka rekodi kutoka kwenye pikipiki yako, ikiwa na sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye ekzosi, inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli. Ataanza na petroli nyingi na taimingi iliyorudishwa nyuma (cheche ichelewe kidogo), ndipo asogee kidogo kidogo. Atapima pia kama presha ya petroli haishuki supachaja inapojaza hewa.

Kama tayari una faili lake, usivute mafuta hadi mwisho. Toa plagi uzikague. Na usikimbilie kurudisha ramani ya kiwandani wakati supachaja bado inazunguka, maana nayo haijui hiyo hewa ya ziada. Niandikie tulinganishe mafaili. Wawili tumeshathibitisha, na nahitaji wengine ili malalamiko yetu yawe na uzito.