Programu ya kupima furaha: maswali safi, matokeo ndo yanaharibu

Hii programu nimekaa nayo kwa muda na kuna kitu wamekipatia kweli, yale maswali ya kushtukiza. Simu inalia saa yoyote, huna nafasi ya kujipanga, inakuuliza tu saa hizi unafanya nini, uko na nani, unajisikiaje, unajibu unaendelea na mambo yako. Ndo njia ya kina Csikszentmihalyi, yule mwanasaikolojia, ya miaka ya 1970, enzi hizo watu walipewa peja (kile kidude cha kupokea mlio wa kukuita) watembee nayo, na uzuri wake unajibu hapo hapo badala ya kukumbuka baadaye, maana ukimuuliza mtu jioni siku ilikuwaje atakutajia pale palipomuuma zaidi na jinsi ilivyoishia, katikati kote kumeshafutika.

Wameweka pia ngazi ya mwanasaikolojia Cantril ya mwaka 1965, chini 0 ni maisha mabaya kabisa kwako, juu 10 ni bora kabisa, we unajiona umesimama wapi. Na yale maswali 5 ya WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unavyojisikia, kuhusu wiki 2 zilizopita. Hapo sina neno.

Sasa matokeo. Wanachukua vyote hivyo wanavikoroga wanakutolea alama moja kwa 100. Jamani hapana! Ngazi inauliza unavyoyaona maisha yako kwa ujumla, simu ikilia inauliza hali ya saa hiyo. Mzazi mwenye kichanga hajalala, kutwa mudi iko chini, ila muulize kuhusu maisha yake atakwambia 9 na anamaanisha, mwingine mchana kutwa anacheka na washkaji lakini ukimgusia maisha yanaelekea wapi ananyamaza, ukipiga wastani hao wawili wanaweza kutoka sawasawa na hujamwelewa hata mmoja. Mwongozo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri) wa 2013 wa kupima furaha umetenganisha kabisa tathmini ya maisha, hisia, na kuona maisha yana maana.

Kilichoniudhi zaidi ni WHO-5. Ukipata 50 kwa 100 kushuka chini kwenye maswali hayo, kwa kawaida inachukuliwa kama dalili kwamba mtu achunguzwe zaidi, huenda ana sonona. Programu inakuwekea rangi nyekundu na kukwambia utabasamu. Mtu aliyelemewa anaambiwa atabasamu, hii warekebishe haraka, waweke hata mstari mmoja wa kumwelekeza kwa mtaalamu.

Nyota 3. Ukiipakua jibu maswali ya kushtukiza, halafu nenda kwenye grafu ya shughuli na watu uliokuwa nao, ile alama kubwa ya juu achana nayo.